Buhaya na Uhaya

Kuanzia Bukoba hadi Muleba, jina moja hubadili kiambishi tu: Omuhaya ni mtu, Abahaya ni watu, Oruhaya ni lugha, Buhaya ni nchi. Kiswahili, kilichofika na misafara ya pwani, kiliweka u- badala ya bu-, na Wazungu wakanakili majina waliyoyasikia kwa wasafiri hao. Ndiyo maana ufalme jirani ni Buganda, lakini nchi nzima ni Uganda. Ndiyo maana pia Buhaya iliandikwa Uhaya. Ajabu ni kwamba Bukoba, kituo alichokianzisha Emin Pasha mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, haikupoteza b yake.