Borhani: Kinywaji cha Dhaka Mezani Doonside

Kwenye harusi ya jirani zetu hapa Doonside, magharibi mwa Sydney, biriani ya mbuzi ililetwa pamoja na jagi la maziwa mazito ya rangi ya kijani. Nilikunywa, nikakohoa, kisha nikasema kwa furaha, "Kumbe ni lassi ya Kihindi!" Mama wa bwana harusi alicheka kwa adabu. "Si lassi, mwanangu, wala si ya India. Ni borhani, ya Dhaka."

Kosa lile nililitoka nalo nyumbani. Sisi wa pwani kila kitu chenye bizari tunakiita cha Kihindi, tukamaliza.

Borhani ni mtindi mchachu uliopigwa na maji kidogo, ukatiwa nanaa, dania, pilipili mbichi, haradali ya kusaga, jira iliyokaangwa na chumvi nyeusi, ile yenye harufu ya yai la kuchemsha. Hunywewa na biriani ya kachchi, ambayo nyama mbichi iliyolala ndani ya mtindi huivishwa sufuria moja na mchele. Biriani hiyo ina samli nyingi. Borhani huyakata mafuta mdomoni.

Dhaka ilifanywa makao makuu ya Wamughal katika Bengal mwaka 1610, na upishi wao ulikuwa na mkono mkubwa wa Uajemi. Msomaji wa Kiswahili akisikia jina hili atafikiria burhani, yaani hoja au ushahidi. Mimi naona jamaa zake wako jikoni: Iran kuna borani, mboga ndani ya mtindi, na Hyderabad kuna burani, mtindi wa kitunguu saumu unaoliwa na biriani. Masimulizi huipeleka borani hadi kwa Buran, aliyeolewa na khalifa al-Ma'mun kwa harusi ya fahari mwaka 825.

Basi, ikiwa biriani ilifika Mombasa na Unguja, mbona borhani haikufika? Kwa sababu "Uhindi" wetu ulikuwa upande mmoja tu. Majahazi ya kaskazi yalitoka Kutch na Gujarat, yakileta Wabohora, Wakhoja na Wabhatia, ambao kinywaji chao cha mtindi ni chaas, chepesi kama maji. Bengal inatazama bahari nyingine. Hata hivyo, maneno yalitufikia: jira na dania kutoka kwa Wahindi hao, nanaa na haradali kutoka kwa Waarabu. Kinywaji hatuna, lakini karibu kila kinachotiwa ndani yake tuna jina lake.

Wala Bengal haikuwa ngeni kabisa kwa Afrika. Mwaka 1414 sultani wake alimpelekea mfalme wa China twiga, mnyama asiyezaliwa Bengal. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wake. Na kuanzia 1487, kwa miaka kama sita, Bengal ilitawaliwa na masultani wa asili ya Kihabeshi. Walimu wangu watanisamehe: habari hii nimeijua juzi tu.

Nilirudi kwa yule mama kuomba radhi, nikamsimulia habari ya twiga. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na kwenu, biriani mnaiteremshia nini?"

"Maji ya ukwaju, mama. Au soda."

Alisikitika, akanijazia glasi nyingine.