Imezima, haijafa
Dereva wa daladala husema "gari limezima" akijua atawasha tena. "Injini imekufa" humpeleka kwa fundi. Anayerusha ndege ya Cessna 172S kwenye kompyuta nyumbani, katika programu ya X-Plane inayoruhusu hitilafu za kushtukiza, injini ikinyamaza angani aanze na kitenzi cha kwanza. Aielekeze pua hadi mwendo utulie kwenye kilomita 126 hivi kwa saa, achague pa kutua, ndipo akague valvu ya mafuta na swichi ya kuwashia. Imewaka? Haya. Imegoma? Basi, imekufa.

Ila "ndege imezima" silikubali. Gari likizima husimama. Ndege hii, hewa ikiwa shwari, husonga mbele zaidi ya kilomita mbili kwa kila futi 1,000 inazoshuka. Iliyozima ni injini tu.