Nta ya Sikio: Waliyoyaandika Wanavyuoni na Tuliyoyasahau

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyetujaalia masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Huenda msomaji wetu akastaajabu kuona nta ya sikio ikiandikiwa makala katika kurasa zilizozoea masuala ya mirathi, talaka na sira. Tunamuomba avute subira. Jambo hili wamelizungumza maimamu wakubwa kabla yetu, nasi tulilipuuza hadi tukamdhulumu mtu kwa sababu yake, kama tutakavyoeleza.

Hadhi ya usikivu

Qur'ani Tukufu, katika aya nyingi zinazotaja neema hizi pamoja, hutanguliza kusikia kabla ya kuona. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, tunaonywa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mafaqihi nao waliupima usikivu kwa mizani ya sheria: mwenye kumpotezea mtu usikivu wa masikio yote mawili hulipa dia kamili, ambayo asili yake ni ngamia 100, na sikio moja ni nusu yake.

Tena elimu yetu yote imepita katika tundu hili dogo. Hadithi zilipokewa kwa kusikilizwa, na Qur'ani hadi leo hupokewa kutoka kinywa cha mwalimu hadi sikioni mwa mwanafunzi. Yupo Qalun, msomaji wa Madina aliyefariki mwaka 220 Hijria, mpokezi wa kisomo cha Imamu Nafi'. Imepokewa kwamba alikuwa kiziwi, na akiwasahihisha wanafunzi kwa kutazama midomo yao. Mwenyezi Mungu alimfungulia njia nyingine, lakini ni wangapi miongoni mwetu wenye jicho kama lile?

Maneno ya Imamu Ghazali na Imamu Nawawi

Imamu Abu Hamid al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) ametaja sikio mahala pawili katika Ihyaa Ulumid Din. Katika kitabu cha kutafakari anaeleza hekima ya maji machungu yaliyowekwa sikioni: yahifadhi usikivu na kuzuia wadudu. Anaongeza kwamba njia ya sikio imepindwapindwa ili mdudu anayeingia atembee sana, na mwenye kulala apate kuamka.

Katika kitabu cha siri za twahara anageukia upande wa pili. Anahesabu taka za mwili zinazopasa kuondolewa, na miongoni mwake ni zile zinazokusanyika katika mikunjo ya sikio. Anasema zinazoonekana huondolewa kwa kupangusa. Ama zilizo ndani ya tundu, zisafishwe kwa upole mtu atokapo hamamuni, kwani zikizidi huenda zikadhuru usikivu.

Tuyazingatie maneno hayo. Imamu hakusema chokonoa, amesema kwa upole. Wala hakusema wakati wowote, amesema baada ya hamamu, pale mvuke unapokuwa umeshailainisha nta. Na sababu aliyoitoa ni kuulinda usikivu.

Baada yake akaja Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277). Alipoisherehesha Hadithi ya mambo kumi ya fitra, iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.) katika Sahihi Muslim, alifika penye kuosha maungo ya vidole. Hapo akanukuu kauli ya wanavyuoni kwamba taka za mikunjo ya sikio na za ndani ya tundu lake zinaingia katika hukumu hiyo, kwani wingi wake huenda ukadhuru usikivu. Kwa hiyo usafi wa sikio umeingizwa katika mlango wa fitra.

Udhu na josho

Kila Muislamu anayeswali hupangusa masikio yake katika udhu. Jamhuri ya wanavyuoni wamesema ni sunna, na Mahanbali, katika kauli iliyo mashuhuri kwao, wameiona ni wajibu. Mashafi hupendekeza maji mapya, na Mahanafi wametosheka na maji yaliyopangusia kichwa. Namna yake inajulikana: vidole vya shahada ndani, vidole gumba nyuma ya sikio.

Katika josho la janaba, kinachopasa kufikiwa na maji ni sehemu ya nje na mikunjo yake, si ndani ya tundu. Mafaqihi wetu wa Kishafi wakafundisha kwamba mtu achote maji kwa kiganja na kuliegemeza sikio juu yake taratibu, maji yafike mikunjoni yasimiminike ndani, na wakalisisitiza hilo zaidi kwa mwenye kufunga. Ndugu msomaji ataona kwamba sheria imemtaka mja asafishe panapoonekana, na haikumkalifisha kuingiza kitu kirefu ndani.

Tabibu wa Andalusi

Madaktari wa Kiislamu nao hawakubaki nyuma. Abul Qasim az-Zahrawi wa karibu na Qurtuba, aliyefariki yapata mwaka 404 Hijria (1013), aliandika At-Tasrif yenye makala 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ana mlango wa vitu vinavyoingia sikioni. Amevigawa mafungu manne: mawe na vyuma, nafaka kama dengu na maharage, vitu vya majimaji, na wadudu. Tiba yake inaanza kwa lililo jepesi: kudondosha mafuta kama ya ufuta, kisha mgonjwa apigishwe chafya huku pua zimezibwa. Kisiponasuka kitu, ndipo hutumika koleo jembamba, kisha kulabu butu, kisha mrija wa kufyonzea uliozungushiwa nta pembeni usipitishe hewa. Makala hiyo ilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12 na Gerard wa Cremona, na Ulaya ikanufaika nayo.

Matone ya sikio na saumu

Hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi kila Ramadhani. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba kinachodondoshwa ndani ya sikio hubatilisha saumu, kwa kuwa ndani yake kumehesabiwa ni tupu ya mwili. Lakini humo humo kwenye madhehebu, Imamu Ghazali na wenzake waliona haibatiliki. Malik ameangalia kama dawa imefika kooni. Ibn Hazm naye hakuona kuwa inafunguza.

Elimu ya viungo imeongeza mwanga. Mwisho wa njia ya sikio pana kiwambo, na kikiwa kizima dawa haina pa kupita. Nyuma yake pana mrija unaokwenda kooni, hivyo kiwambo kikitoboka njia inakuwa wazi. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1418 Hijria (1997), liliamua kwamba matone ya sikio na kuosha sikio havifunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Anayetaka kutoka katika hitilafu atie dawa yake usiku. Ama kuiacha sikio liharibike mwezi mzima kwa khofu, hilo halikutakiwa na yeyote.

Tulivyodhulumu

Miaka mingi iliyopita, tukisomesha chuoni, tulikuwa na mtoto wa miaka kama tisa. Akichanganya thaa na faa, sini na swadi, na akiitwa haitiki. Tulimhesabu mtukutu. Tukamchapa, tena zaidi ya mara moja. Mama yake ndiye aliyempeleka zahanati. Akatiwa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha akaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka ni nta nyeusi iliyogandamana na pamba ya zamani, iliyosukumwa ndani kwa njiti ya kiberiti na mtu aliyekusudia kumsafisha. Wiki iliyofuata alisoma vizuri. Tulimuomba radhi mbele ya wenzake, nasi hadi leo tunamuomba Mola msamaha. Ihyaa ilikuwa kabatini mwetu wakati wote ule.

Nasaha

Nta si najisi wala si uchafu kwa asili yake. Ni kinga, kama alivyosema Ghazali, na ngozi ya sikio huisukuma nje yenyewe, ikisaidiwa na taya tunapotafuna na kuzungumza. Vijiti vya pamba, vilivyoenea baada ya kubuniwa Marekani mwaka 1923, huisukuma ndani na kuishindilia. Madaktari wa masikio wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2017, wamekataza kuingiza vijiti hivyo, na pia mishumaa ya masikio. Njiti, chupio na unyoya wa kuku ni katika hukumu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tupanguse panapoonekana kwa kidole na kitambaa. Nta ikiziba, matone machache ya mafuta safi kwa siku chache huilainisha, ila isiwe kwa mwenye maumivu, usaha, au aliyewahi kutoboka kiwambo. Huyo aende kwa daktari, na mtoto asiyesikia vyema naye apelekwe bila kungoja. Wazee wapimwe pia, kwani nta huwazidi, na huenda anayelalamika kwamba haisikii hotuba ya Ijumaa si mzembe wala hajasinzia.

Na sisi walimu, kabla hatujanyanyua fimbo kwa mtoto asiyeitika, tuhakikishe kwanza kama anasikia. Kofi la sikio nalo laweza kupasua kiwambo, nasi tumeshaona sheria ilivyoupima usikivu kwa ngamia 100.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.