Paja la Prague: Jina Lililosafiri Kuliko Nyama Yake

Huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, kuna nyama iliyobeba jina la mji mkuu hadi mbali: Pražská šunka, paja la nguruwe lililolazwa katika maji ya chumvi, likapikwa na kupewa moshi. Kwa familia nyingi za Kicheki, Pasaka haijakamilika bila nyama hiyo mezani, pamoja na mzizi mkali wa kren uliokunwa.

Umaarufu wake ulianza nusu ya pili ya karne ya 19. Antonín Chmel, mchinjaji wa eneo la Zvonařka, ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwa walioitoa nyama hiyo buchani na kuifanya bidhaa ya kiwandani. Wakati ulimfaa. Prague ilikuwa chini ya Himaya ya Austria, na tangu 1845 reli iliiunganisha na Vienna. Bidhaa njema ilipata masoko mapana, hata bandari ya Trieste, ambako hadi leo, ndani ya Italia, paja la "Praga" huokwa ndani ya unga wa mkate na kuliwa kwa kren.

Siri yake ni uvumilivu. Fundi huingiza maji ya chumvi kupitia mshipa wa damu wa paja, ili yafike hadi karibu na mfupa, mahali ambapo nyama huwahi kuharibika. Kisha paja hulazwa katika maji hayo hayo. Moshi hutoka kwenye kuni za buk, mti mgumu wa misitu ya Ulaya ya Kati, nao huwa mwepesi, usifunike ladha ya nyama. Mapishi ni ya moto wa taratibu, hadi kiini kifike nyuzi 70 kwa angalau dakika 10.

Umaarufu ulizaa uigaji. Viwanda vya nchi nyingine vilitumia jina hilo, na nyama iliyojazwa maji ikauzwa kwa heshima isiyo yake. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliisajili Pražská šunka kuwa chakula cha jadi kilichodhaminiwa, katika sura tatu: yenye mfupa, isiyo na mfupa na ya kopo. Usajili huo haulindi mji, unalinda utaratibu. Mtengenezaji wa nchi yoyote ya Umoja huo anaweza kutumia jina, mradi afuate kanuni zilizoandikwa.

Baadhi ya watu huona huo ni ulinzi nusu. Mimi naona ndio uamuzi wa haki. Jina hili lilikwisha kuvuka mipaka zamani, na lililobaki kuokolewa ni kazi ya mikono. Jamii inayotaka vyakula vyake vidumu na ianze hapo: iandike namna vinavyopikwa, wakati mafundi wanaojua bado wapo.