Gari Namba 11

Aprili 1971 nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Siku za Pasaka tulisimama kando ya barabara, matope yakiturukia, tukingoja magari ya Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, na ambayo wakati ule yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka huo washindi walikuwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, katika Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwa Datsun vilevile.

Leo gari hilo liko mezani kwangu, la plastiki, dogo mara 24. Mjukuu wangu aliniletea likiwa vipande. Nilidhani ni kazi ya gundi tu. Kumbe, ndugu msomaji, kabla ya gundi kuna kupima! Gari la kweli lina milimita 2,305 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma; gawanya kwa 24, unapata 96. Urefu ulikuwa sawa, lakini nilipovifunga vipande kwa utepe, bodi ilikaa juu mno. Penseli ingepita juu ya tairi. Dawa yake ni msasa laini uliolowa maji: unasugua kidogo, unajaribu, unasugua tena. Zikaja kingo. Plastiki ya unene wa milimita 1, ukizidisha kwa 24, ni bati la milimita 24, na gari la namna hiyo ni kifaru. Nikazichonga kwa ndani tu, zionekane nyembamba. Mikanda ya viti nilikata katika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Nilipofikia mipira ya kuzuia matope, nikasita.

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu mpya, mtoto wa darasa la nne alileta darasani gari la waya. Namba 11 kwa mkaa, taa za vizibo vya soda, na nyuma ya magurudumu vipande vya ndala vya kuzuia matope. Tulikuwa kwenye hesabu za sehemu. Nililikunja kwa mikono yangu mbele ya wenzake, nikalitupa dirishani. Hakulia. Alifungua daftari.

Sasa nakata tyubu ya baiskeli kwa wembe. Kipande kimoja nimekirudia mara tatu, na bado hakining'inii sawa kama vyake.