Kupanga foto za ndoa hapa Kalemie

Ndoa kwetu haiishi siku moja. Kuna mali, kuna komine, kuna kanisa ao musikiti, kisha feti ya usiku. Mukimwambia mupiga foto tu « njoo siku ya posho », bei ataihesabia kazi moja, nyinyi munawaza zote. Mbele ya kutoa avansi, muandikiane: atafika saa gani, ataondoka saa gani, foto zitatoka lini.

Komine inaenda haraka. Afisa wa etasivili anasoma, munajibu, munatia sahihi, imeisha. Mupiga foto akae karibu na meza tangu mwanzo.

Ziwa ndilo kila mutu anataka. Lakini jua kwetu linatokea majini: asubui, bibi arusi akiachia ziwa mgongo, uso unakuwa mweusi. Kuanzia saa kumi jua liko upande wa muji, linamulika uso vizuri. Karibu na saa kumi na mbili linazama, basi musafara usichelewe. (Saa sita, tuseme ukweli, wote wanakunja macho.)

Muchague dada ao shemeji anayejua jamaa zote, ashike liste ya watu. Mupiga foto hawajui. Nyanya aliyetoka Moba kwa boti anaweza kurudi bila hata foto moja, na pengine hatakuja tena.

Umeme unakatika: betri zichajiwe mbele. Na kadi isifutwe mpaka foto zikopiwe mahali mbili, kwa ordinatere ya mupiga foto na kwa flashi ya jamaa.