Simba Wetu, Sauti za Wengine

Watu wa rika langu waliokulia Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Liuli hadi Mbamba Bay, wakiitazama tena filamu ya katuni ya The Lion King pamoja na watoto wao, hucheka palepale walipocheka zamani. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule ambao Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni. Sisi ilitufikia kwa kanda, katika vibanda vya video vilivyoendeshwa kwa jenereta.

Majina tuliyaelewa mara moja: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Aliyekijua kidogo aliwatafsiria wenzake, na pale aliposhindwa alibuni. Mwaka 1995 filamu hiyo ilitiwa sauti za Kizulu. Kiswahili, kilichotoa majina, kiliachwa. Kisha mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajiliwa nchini Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara ya mavazi, ilhali bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kuyaimba tangu 1982.

Lawama si ya Disney peke yake. Lugha isiyowekezewa na wenyewe hugeuka ghala la majina kwa wageni. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014, kimethibitisha kwamba katuni ya Kiswahili inawezekana. Bajeti ya utamaduni ianzie hapo, ili mtoto wa Mbinga atakapokuwa mzazi akumbuke hadithi iliyozungumza naye.